Kabla hujanunua dawa ya kung'arisha meno, uliza ilikuwa inakaa wapi

Haya jamani, hii niliiahirisha sana kwa sababu ya aibu. Wiki 3 kabla ya sendofu ya mdogo wangu nilinunua seti ya kung'arisha meno kwa dada mmoja anayeuza mtandaoni, elfu 85, ndani kuna trei ya plastiki, sirinji 3 za jeli na katochi ka bluu ka kubana mdomoni. Wiki 2 nzima kila usiku nakaa na kale katochi, mate yananichuruzika kama mtoto anayeota meno. Sendofu ikafika, picha zikatoka, meno yangu rangi ileile ya chai ya rangi, na pembeni yangu yuko shangazi, mtu wa miaka 60 na kitu anayesugua na mswaki wa mti tu, ananishinda!

Nikampelekea rafiki yangu ambaye ni nesi kwenye kliniki ya meno. Hakuuliza kampuni gani wala asilimia ngapi, aliuliza tu, "Shosti, hii ilikuwa inakaa wapi?"

Mimi nikacheka. Kumbe ndo swali lenyewe. Kinachong'arisha meno ni peroksaidi, ama hidrojeni peroksaidi yenyewe ama kabamaidi peroksaidi ambayo ikifika mdomoni inageuka hiyohiyo (kabamaidi ya asilimia 10 inatoa kama 3.5 hivi ya hidrojeni). Na peroksaidi ikipigwa joto inavunjika yenyewe taratibu, inabaki maji na hewa. Sasa fikiria Dar mwezi wa pili, fremu ya bati, kabati la kioo lenye taa inawaka toka asubuhi, alafu mzigo unapandishwa boda saa 8 mchana. Ukifika kwako umenunua uji wa mnanaa.

Akanionesha jaribio la jikoni. Kata kiazi mviringo kibichi, weka tone la jeli juu ya pale palipokatwa na katone ka maji, subiri dakika moja mbili. Peroksaidi ikiwa hai kinatoa mapovu. Tukaweka na ile ya chupa ya kuoshea vidonda toka famasi tulinganishe, yenyewe ikachemka povu jeupe mpaka linamwagika kwenye sahani. Yangu ya elfu 85 ikakaa kimya tuu, imetulia kama gundi. Kiazi hakikwambii jeli ina nguvu kiasi gani, kinakwambia iko hai au imeshakufa, na mimi hilo linanitosha.

Kwa hiyo dawa za kung'arisha meno nazipanga kwa hilo tu, kama ikikufikia bado iko hai, habari za ladha na boksi zuri mtazisoma wenyewe.

Namba moja, na sifichi nina upendeleo, ni Opalescence PF pamoja na trei ya kuchongewa kwa daktari wa meno. Ni jeli ya Marekani ya sirinji, na watengenezaji wenyewe wanasema itunzwe kwenye friji, ndo maana naipenda, maana muuzaji ukimuuliza friji akishangaa ushajua. Herufi PF ni potasiamu nitreti na floraidi, zinasaidia meno yasife ganzi ukinywa maji ya baridi. Chukua ya asilimia 10 unalala nayo, au ya 15 unakaa nayo masaa 4 mpaka 6. Usikimbilie ya 35 kwa haraka za harusi, utalia. Trei ya kuchongewa ni ghali ndio, ila inakaa vizuri jeli haivuji kwenye fizi, na ukishakuwa nayo baadaye unanunua sirinji peke yake. Na daktari atakuangalia kama una jino bovu kwanza, pamoja na kukwambia ukweli kwamba jino la bandia au sehemu ya jino iliyozibwa haibadiliki rangi hata umwagie ndoo.

Namba mbili stripu za Crest, vile vipande vyembamba vya plastiki vyenye jeli vya kubandika kwenye meno. Ni nzuri, nusu saa kwa siku karibu wiki 3, unabandika unaendelea kuosha vyombo. Shida yake huku kwetu hujui zimepita jua la wapi, kwa hiyo tarehe ya mwisho uione kwa macho yako kwenye boksi, sio picha ya boksi.

Dawa za meno za zambarau zinafunika unjano kwa masaa machache, za picha tu. Mkaa unakwangua jino. Limao na beking soda acheni, limao ni asidi linakula jino lenyewe. Na kale katochi ka bluu hakana kazi ya maana, kachezeeni watoto.

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, yale madoa ya kahawia ni floraidi ya maji ya kule, yameingia ndani ya jino tangu utotoni. Jeli inaweza kuyapunguza kidogo, ila madoa meupe yanaweza kuonekana zaidi siku za mwanzo, nyie nendeni kwa daktari msinunue chochote kwanza.

Sasa wauzaji. Kwa nini bei ni siri? "Njoo inboksi kipenzi", nimekuja inboksi, unaangalia picha yangu ya wasifu ndo unipangie bei? Mimi elfu 85, binamu yangu kwa dada huyohuyo wiki hiyohiyo elfu 55. Nikamtumia video ya kiazi, akajibu "labda meno yako ndo magumu dear", alafu akaniblok.

Sirinji zangu 2 zilizobaki, za Opalescence hizo, ziko mlango wa friji pembeni ya blubendi, nimeziandika kwa maka peni SIO YA MKATE, maana kaka yangu namjua.