Kigunduzi cha migongano cha Go kwenye programu ya depo

Kigunduzi cha migongano, yaani zana inayoonyesha pale ambapo sehemu mbili za programu zinagusa data ileile kwa wakati mmoja bila kulindwa na angalau moja ikiiandika, huja bure ndani ya Go, lugha ya kuandikia programu, tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013, na ili kukiwasha inatosha kuongeza «-race» kwenye amri ya kujaribu au kuendesha programu. Nimekitumia kwenye programu inayohesabu mifuko ya unga katika depo moja ya komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, ambako makeshia kadhaa huuza kwa wakati mmoja na kila ombi la mauzo hushughulikiwa na gorutini yake, yaani kazi ndogo inayoendeshwa sambamba na nyingine ndani ya programu.

Gorutini mbili zinaweza kusoma kwamba imebaki mifuko 40, kila moja ikapunguza mmoja na kuandika 39. Mifuko miwili imekwisha kutoka, lakini kwenye hesabu umepungua mmoja tu. Mauzo mawili yalipopishana hivyo katika jaribio, kigunduzi kilionyesha mstari uliosoma, mstari ulioandika na mahali ambapo gorutini hizo zilianzishwa, kwa uwazi ambao sijauona kwenye zana nyingi za kulipia.

Ukimya wake, hata hivyo, usiaminiwe kupita kiasi. Ukifunga kufuli (kinga inayoruhusu gorutini moja tu kugusa data kwa wakati mmoja) wakati wa kusoma akiba, ukaifungua, kisha ukaifunga tena wakati wa kuandika, kigunduzi hakitalalamika, kwa sababu kila mguso wa data umelindwa. Lakini makeshia wawili bado wanaweza kuuona mfuko uleule wa mwisho na kila mmoja akauuza. Kukagua akiba na kuipunguza lazima kufanyike ndani ya kufuli moja bila kuiachia katikati, na uamuzi huo hakuna zana itakayokufanyia. Vilevile kigunduzi hukagua tu msimbo ulioendeshwa kweli, hivyo majaribio yasiyopishanisha mauzo hayatafichua lolote.

Kwa mujibu wa nyaraka za Go, kumbukumbu inayotumika huongezeka mara 5 hadi 10 na muda mara 2 hadi 20, kwa hiyo ninakipendekeza kwa majaribio wala si kwa mashine ya keshia, ambayo kwa kawaida ndiyo kuukuu kuliko zote dukani. Wanaotumia Windows watahitaji pia kompaila ya C (programu inayotafsiri msimbo wa lugha ya C kwa ajili ya kompyuta), na anayenunua intaneti kwa megabaiti afadhali aipakue mapema.