Gmail: kumzuia mtumaji au kutengeneza kichujio?

Kumzuia mtumaji ni kazi ya sekunde chache. Fungua ujumbe, bonyeza vitone vitatu vilivyo kando ya jina lake, chagua kuzuia. Barua zake zijazo zitaingia kwenye barua taka, ambako hufutwa zenyewe baada ya siku 30. Hata kwenye simu inawezekana. Tatizo ni kwamba unazuia anwani moja tu, na matapeli hubadilisha anwani kila kukicha.

Kichujio, yaani amri unayoiwekea Gmail ili ishughulikie yenyewe barua za aina fulani, kinahitaji kazi zaidi, na app ya simu haikitengenezi, tumia kompyuta. Kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza alama ya mwisho upande wa kulia. Sehemu ya mtumaji andika kikoa kizima (sehemu ya anwani kuanzia alama ya @), mfano @duka.example, na anwani zote za kikoa hicho zitanaswa. (Usithubutu kuandika @gmail.com, utapoteza marafiki.) Ukitaka kunasa maneno, jua kwamba “mkopo” hainasi “mikopo”. Andika mkopo OR mikopo, OR ikiwa kwa herufi kubwa.

Kabla ya kuunda kichujio, bonyeza kwanza kutafuta uone kinanasa nini. Neno “mkopo” linaweza kuondoka na barua ya benki yako pia. Ndiyo maana kwa wiki za mwanzo ni heri uchague barua ziruke kikasha (zisionekane kati ya barua mpya) na ziwekewe lebo ya kuzipata baadaye, badala ya kufuta. Barua za zamani hazitaguswa usipoweka tiki ya kuzihusisha.

Kwa msumbufu mmoja, zuia. Kwa kampuni yenye anwani kumi, kichujio.