Dirisha la dawa lililoniita teja: uzoefu wangu na morfini ya maji

Haya nimeyaandika na kuyafuta mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira mpaka matusi yakatoka, na mie si mtu wa matusi. Mara ya pili nikajikuta mpole kama niliyelipwa. Hii ya tatu naiacha ilivyo, atakayeudhika aniwie radhi.

Hospitali siitaji. Iko hapa hapa Unguja, inatosha.

Nina saratani ya titi, na imeshuka kwenye uti wa mgongo. Titi lenyewe lilishatolewa na wala halinisumbui. Mwenye kunitesa ni huu mgongo, hapa chini kidogo ya mbavu. Unawanga mchana kutwa, na nikigeuka vibaya unachoma mpaka pumzi inakatika. Nilivuka na boti mpaka Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, nikapigwa mionzi, ikasaidia sana lakini haikumaliza. Ndipo nikaandikiwa morfini ya maji.

Dawa yenyewe naipa nyota tano, na ingekuwepo ya sita ningeipa. Kabla yake nilikula Panadol mpaka nikazichoka, nikapandishwa tramado, ikanishika wiki chache kisha ikawa haifui dafu. Hii ni chungu kama shubiri, nainywa na tende mkononi. Siku za mwanzo nililala kama mtoto mchanga na kutapika juu yake, mkwe wangu akaanza kunisomea Yasini kwa sauti ya chini akidhani ndio safari. Siku ya nne au ya tano usingizi ukaondoka, kichefuchefu kikaondoka, nikabaki mie. Asubuhi ile nilisimama jikoni nikasukuma chapati sita kwa mkono wangu. Sita tu, ya saba nikaketi. Lakini nilikuwa na miezi sijasukuma hata moja. Na adhuhuri nikajaribu kusujudu chini, sio kwenye kiti, paji likagusa mkeka. Sikuinuka upesi.

Muuguzi wa Dar alinifundisha jambo moja ambalo nalishika kama shahada: "Bi mkubwa, usingoje iume ndio unywe." Dawa inakwenda kwa saa, kila baada ya saa nne, uwe unaumwa huumwi. Mie nakunywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku nakunywa mara mbili ya kipimo ili nisiamke usiku wa manane. Hivyo ndivyo nilivyoandikiwa mimi, wewe fuata karatasi yako. Mjukuu wangu amenitilia kengele kwenye simu, kailiza mlio wa jogoo. Jirani aliwahi kuuliza huyu jogoo wetu mbona anawika saa nane mchana, tumchinje.

Sasa nije kwenye dirisha.

Ilikuwa Ijumaa moja, kipindi kile cha vuli, na Ijumaa yetu mnaijua, ikikaribia saa sita kila mtu mguu mmoja uko msikitini. Nyumbani nilibakiza vipimo vichache tu. Nimetoka Fuoni kwa daladala, nimekaa kwenye benchi muda mrefu, na bibi mmoja pembeni yangu tunazungumza bei ya pweza, jinsi alivyopanda. Zamu yangu ikafika. Yule kijana akaichukua karatasi, akaisoma, akaniangalia kupitia kile kitundu. Salamu hakuna. Mtu ambaye ningeweza kumzaa.

"Hii morfini ya nani?"

"Yangu, mwanangu."

"Yako wewe?" Sauti ikapanda. "Unajua kama hiki ni kitu cha mateja? Watu wanakuja hapa na makaratasi, wanachukua, wanakwenda kuuza."

Benchi zima likanyamaza. Yule bibi wa pweza hakusema neno. Aliuvuta mkoba wake uliokuwa chini baina yetu, akaupakata mapajani, akaukumbatia kwa mikono miwili.

Yule kijana ningeweza kumsamehe siku ile ile, wallahi. Ule mkoba ndio ulionikaa rohoni.

"Chupa ya zamani iko wapi?" akauliza.

"Iko nyumbani."

"Basi kailete. Bila ya chupa sitoi."

Nikamwambia ninakaa mbali, nina ugonjwa wa mgongo, anitazame nilivyosimama. Akasema utaratibu ni utaratibu, akamwita wa nyuma yangu. Nikarudi Fuoni bila kitu. Daladala likipita kwenye shimo nafumba macho, likitoka kwenye shimo nayafumbua nisikute mtu ananitazama. Mpaka nafika, dirisha limeshafungwa, na dawa hii haitolewi tena mpaka Jumatatu.

Hapa niseme kidogo kuhusu hili neno. Sisi Zanzibar unga umetuumiza, hakuna mtaa usiokuwa na mama anayelia. Mie mwenyewe nina mtoto wa marehemu dada yangu alipita huko, sasa kila siku ya Mungu anakwenda Kidongo Chekundu kunywa methadoni yake, dawa ya kumsaidia kuacha unga, mbele ya muuguzi, na amepona mbele ya macho yetu. Kwa hiyo silitumii neno teja kama tusi, na sijioni bora kuliko wao. Lakini huwezi kumwambia hivyo mgonjwa wa saratani mbele ya watu kumi na tano, na mmoja wao anatoka shehia yako. Kufika Jumamosi jioni mkwe wangu kaulizwa dukani kama ni kweli mama mkwe wake kakamatwa hospitali. Kakamatwa! Na nini?

Jumamosi nikafanya ujinga. Badala ya kunywa kipimo kamili nikawa nakunywa nusu nusu ili kifike mbali. Wifi yangu alikuwa anakuja na samaki, changu mkubwa, wa kupaka, na samaki wa kupaka bila tui zito ni aibu. Nikakaa kwenye mbuzi nikune nazi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu mgongo ukanishika, nikabaki nimeinama na kile kipande cha nazi mkononi, siwezi kwenda mbele wala nyuma, jasho linadondokea kwenye sinia. Mjukuu wangu wa miaka tisa akanitoa kwenye mbuzi kwa kunikokota makwapani. Akakuna yeye, akaichimba nazi mpaka kwenye kifuu, tui likatoka na vijiti vyeusi. Tukala hivyo hivyo. Wifi akasifu. Mwongo mkubwa yule, Mungu ampe afya.

Jioni ile nikaimaliza dawa.

Jumapili ndiyo siku ninayoiandikia haya. Maumivu nilijua yatakuja, nilishajiandaa nayo kwa mto na chupa ya maji ya moto. Kilichonishangaza ni mengine. Kamasi zinatiririka na sina mafua. Napiga miayo, usingizi sina. Malaika yamenisimama mikononi, mara joto mara baridi, jasho, tumbo linasokota. Miezi yote hii nimekuwa nasaka choo kwa mapapai na juisi ya ubuyu, kwa sababu dawa hii inafunga tumbo kweli kweli, na siku ile choo ndicho kikanisaka mie. Na nikayajua yale mambo. Nimeyaona kwa mtoto wa dada yangu, kwenye chumba hiki hiki, amejikunja kwenye kanga yangu. Wenyewe wanaiita arosto.

Nikasema basi, yule kijana kasema kweli. Nimekuwa teja na miaka hamsini na nane.

Sikumwambia mtu. Niliswali kwa kukaa nikamwomba Mungu msamaha kwa kitu nisichokijua, maana sheikh wetu wa mtaani alishaniambia zamani kuwa dawa ya daktari ni dawa, na mgonjwa kapewa ruhusa hata Ramadhani ale. Lakini usiku ule maneno ya sheikh hayakuwa na nguvu. Yenye nguvu yalikuwa ya yule kijana.

Jumatatu nikamwambia mkwe wangu nipe ile chupa ya dawa. Akatazama chini. "Mama, ile nimeitia mafuta ya nazi, ya nywele za mtoto. Nzuri ile, kifuniko chake hakivuji." Na kweli, ipo dirishani, ya kahawia, na karatasi yake ya morfini bado imebandikwa, imejaa mafuta. Na nilipoigeuza ile karatasi yangu ya hospitali, pale chini kabisa, kwa peni, imeandikwa: arudi na chupa. Sikuisoma. Hili nalikiri hadharani, kosa langu. Dawa kama hii lazima ihesabiwe, na chupa ya morfini iliyotiwa mafuta ya mtoto ikikaa jirani na ile yenye dawa, mtu akikosea kunyanyua, tunazika. Kwa hiyo kuidai chupa alikuwa na haki. Haki yote.

Lakini kunitangaza hakuwa nayo.

Tukaiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, ikabaki na harufu. Mkwe wangu akanisindikiza. Nimefika, ni yeye yule. Akaipokea chupa, akaifungua, akainusa. Akanusa tena. "Nazi?" Nikamwambia nazi. Nikaona mdomo unamcheza lakini hakucheka. Kisha akaniangalia vizuri, kamasi zangu, kanga niliyojifunika joto lote lile, akauliza, safari hii taratibu: "Mama, tangu lini hujanywa?"

Nikamwambia tangu Jumamosi jioni.

Akatoka. Akafungua mlango wa pembeni, akaniingiza ndani, akanipa kiti chake. Akanipimia pale pale nikanywa. Kisha akakaa kwenye katoni la dawa mbele yangu akanieleza, na lazima niseme, hakuna aliyewahi kunieleza vizuri vile, wala wa Dar. Akasema mwili ukizoea dawa hii wiki kadhaa na ukaikata ghafla lazima ulalamike, hata angekuwa imamu. Mwili kuzoea ni jambo moja, mtu kuwa mtumwa wa kitu ni jambo jingine. Teja anaitafuta ili apotee, wewe unainywa ili urudi jikoni, akasema. Ikifika siku madaktari wanataka kuipunguza, itapunguzwa kidogo kidogo. Na usikae tena bila, ikibaki ya siku tatu uje.

Akaniuliza napimia nini. Nikamwambia kijiko cha chai. Akashika kichwa. Vijiko vya nyumbani havilingani, hiki kikubwa kile kidogo, leo unazidisha kesho unapunguza. Akatoa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, akapiga mstari kwa kalamu ya wino mzito pale kipimo changu kinapoishia, akanifanya nivute maji mbele yake mara mbili mpaka nikapatia. Akanitilia na vidonge vya kulainisha choo, ambavyo nilitakiwa niwe navyo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyenipa.

Basi nimeketi pale, mgongo unaanza kulegea, nikasema moyoni huyu mtoto wa watu ana lake zuri, nimsamehe, na kule mtandaoni nimuandikie nyota nne. Nikainuka, nimeshafika mlangoni, akanisindikiza kwa sauti ile ile ya Ijumaa, na benchi limejaa:

"Lakini ukiuza tutajua!"

Jamani. Sijui alitania. Mkwe wangu anasema alitania, kwa sababu alicheka. Mie nilikuwa nimempa mgongo, sikuona. Nilichokiona ni nyuso za kwenye benchi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Dawa tano, nimeshasema. Maelezo yake tano, tena kwa moyo mweupe. Mdomo wake sifuri. Nimewahi kufikiri kwenda kwa mkubwa wake nimshitaki, na nikafikiri akihamishwa nani atanipigia mstari kwenye bomba. Naandika mbili. Leo, baada ya kusoma tena nilichoandika, naona ni tatu. Hapana, mbili, kwa ajili ya mkoba wa yule bibi.

Nimekwenda mara kadhaa tangu siku ile. Siku hizi ananisalimia, "Shikamoo Bi Nazi," na dawa sijaikosa. Mgongo haujaisha na hautaisha, lakini juzi nilikuna nazi mbili nzima, nimekaa kwenye kigoda kirefu mbuzi imepandishwa juu ya bao, wazo la mjukuu. Chupa nimeifunga kitambaa chekundu shingoni na inakaa kwenye sanduku langu la nguo, funguo ninayo mie. Mkwe wangu nimemnunulia chupa yake ya mafuta.