Nimeushika mwembe, kishikwambi kinasema haupo

Nilipokubali kulipia huduma ya kutunza miti ya nyumba zetu za kupangisha pale Mikocheni kwa kutumia modeli ya kidijitali ya jengo, yaani mchoro wa kompyuta wa jengo na vyote vilivyomo kiwanjani, nilifurahi mno. Kila mwarobaini na kila mnazi ulipewa namba, na ukigusa alama yake kwenye kishikwambi unaona ulipogolewa lini na unamwagiliwa na bomba lipi. Sikatai kwamba bili ya maji ilishuka.

Masika yalipokaribia, watu wa huduma hiyo wakaja kuchimba mtaro wa maji ya mvua, nao ulichorwa upite hatua mbili tu kutoka kwenye mwembe ambao ni mkubwa kuliko jengo lenyewe kwa umri. Nikamwita msimamizi wao, kijana aliyeingia getini bila hata shikamoo. Alikitazama kioo, mti hakuutazama, akanijibu: "Mzee, kwenye modeli hapo hakuna mti." Wakati huo kiganja changu kilikuwa juu ya gome.

Baadaye ilionekana kwamba umo, ila umewekwa upande wa pili wa ukuta, katika kundi moja na mabenchi na taa, ukiwa duara la kijani lisilo na mzizi hata mmoja. Mizizi mingi ya mti hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo na huenea kupita mwisho wa matawi, jambo ambalo mtunza bustani wetu analijua kwa jembe lake. Wala wasisingizie teknolojia, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha modeli hizi, ISO 16739-1, katika toleo la 2024 kimeitengea mimea aina yake. Mizizi mitatu minene kama paja ilikwisha kukatwa kabla sijawasimamisha.

Nilikusudia kuwaonya watu wasiiguse kabisa huduma hii. Hata hivyo, walipopima upya na kuizungushia mizizi mstari mwekundu, fundi aliyetaka kupitisha waya wa intaneti aliuona mstari huo, akahamia upande mwingine bila mabishano, nami nikakiri moyoni kwamba kitu chenyewe ni kizuri kikiwa mikononi mwa mtu anayeinua macho. Nilikuwa karibu kuwasamehe. Majani ya upande wa mtaro yakaanza kugeuka manjano, na wiki hiyohiyo wakaniletea ankara ya "marekebisho ya modeli". Sijailipa.