Gari la umeme: kulichaji kila usiku au kungoja wikendi?

Kwa Nissan Leaf, mimi niko upande wa kila usiku, ila chaji ikomee asilimia 80. Betri yake haipendi kukaa imejaa pomoni wala kukauka, na kwenye Leaf za hadi 2025 haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto la Mombasa huiumiza zaidi. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati 2 hadi 3: ni kidogo, lakini umeme uliotumika kwa mizunguko ya mjini hurudishwa kabla ya alfajiri. Stima ikipotea usiku mmoja, bado kazini utafika.

Kungoja wikendi kunakupunguzia kuhangaika na waya, basi. Betri ya kilowati-saa 40 ikishuka hadi asilimia 10, kuijaza ni zaidi ya saa 12. Betri za LFP (aina ya betri za lithiamu zenye chuma na fosfati) ni habari nyingine: Tesla hushauri zijazwe hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki.