Kozi ya siku 3 iliyoniachisha kusema "ndivyo alivyo"

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 kazini, na mafunzo haya ya kuhudumia watu wenye ulemavu wa akili niliyaendea shingo upande. Nilijua ni yale yale: slaidi, saini, cheti.

Siku ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, ingawa nilifurahi mkufunzi alipotenganisha ulemavu wa akili (ugumu wa kujifunza na kuelewa tangu utotoni) na ugonjwa wa akili (maradhi yanayoweza kumpata yeyote). Hata sisi wodini tunavichanganya.

Siku ya pili akaja mkufunzi mwenza, dada mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili. Kila mmoja wetu alitakiwa kumpima presha huku wenzake wakitazama. Zamu yangu ilipofika nikamgeukia mama aliyefuatana naye: "Ameamkaje leo?" Dada akautoa mkono wake kwenye mkanda. "Mbona huniulizi mimi?"

Ukumbi kimya. Nikaanza upya. Nikampa mkanda aushike, nikamwambia utambana kidogo kisha utalegea, nikasubiri. Hapo pa kusubiri ndipo paliponishinda. Tuliambiwa tuhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia swali. Ukiwa na foleni mlangoni, 10 ni safari! Tukaonywa pia kwamba ukiuliza "unaumwa?" wengine watakuitikia "ndiyo" ili kukuridhisha tu. Afadhali useme, "Nionyeshe panapouma."

Lakini lililonilipa siku zangu 3 ni hili: mtu akianza ghafla kujipiga, kugoma kula au kukesha, tafuta maumivu kabla ya kulaumu ulemavu na kusema "ndivyo alivyo". Jino, sikio, kiungulia, choo. Kufunga choo tu kunaweza kumuua mtu asiyeweza kujieleza.

Wiki chache baadaye akaletwa kijana asiyeongea, anajipiga shavu. Kwenye faili: "mkorofi". Dawa ya kumtuliza ilishaandikwa. Zamani ningeichoma tu. Safari hii nikaomba tochi. Ilichukua muda mpaka akafungua kinywa: gego la chini limeoza, ufizi umejaa usaha. Liling'olewa, na mama yake anasema kujipiga kumekoma.

Kasoro zipo. Dawa zilipitiwa nusu saa tu, na hawa ni watu ambao kifafa huwapata zaidi kuliko wengine, wengi wanameza dawa za aina kadhaa kwa mpigo. Tena tulialikwa wauguzi na madaktari peke yetu, ilhali anayempokea mgonjwa mlangoni ni mtu wa mapokezi.

Nawapa nyota 4. Ya tano wataipata siku wakimwita yule wa mapokezi.