Kabla hujabadilisha simu: mipangilio ya Android inayofaa kazi za Goma

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo sichambui simu mpya. Nachambua ile uliyo nayo mkononi, iwe Tecno, Infinix, itel au Samsung, kwa sababu wengi wanakimbilia kununua nyingine wakati shida iko kwenye mipangilio ambayo hawajawahi kuifungua. Simu nyingi hapa mjini ziko katika Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu nitayataja hivyo hivyo. Kila kampuni inapanga menyu kwa namna yake. Usipoona jina pale ninaposema, fungua Paramètres, gusa alama ya kutafuta iliyo juu, uandike jina lenyewe.

Tuanze na rezo, yaani mtandao wa simu, maana hapo ndipo mtu wa Goma anapoliwa unite (salio) bila kujua. Ukiwa Birere karibu na Petite Barrière, au kule kando ya ziwa upande wa Grande Barrière, minara ya Gisenyi, mji wa Rwanda, iko karibu sana, na mawimbi hayasimami mpakani. Simu ikiachiwa ichague yenyewe, siku mnara wa kwetu ukidhoofika itashika rezo ya Rwanda. Kuanzia hapo hata simu unayopokea inaweza kukatwa unite, na menyu ya pesa ya simu inaweza kugoma kufunguka wakati mteja amesimama mbele yako.

Wengi wanasema, "Mimi nimezima Itinérance, niko salama." Hapana. Kitufe hicho cha rezo ya nje kinazuia mega tu, yaani intaneti. Sauti na SMS vinaendelea kupita. Dawa yenyewe iko hivi: Paramètres, kisha Réseau et Internet, kisha Carte SIM, shuka mpaka Sélectionner automatiquement le réseau, uizime. Simu itaanza kutafuta. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiikatize. Orodha ikitokea, soma vizuri kabla ya kugusa: Airtel iko Kongo na iko Rwanda pia, jina peke yake linaweza kukudanganya. Zikitokea namba badala ya majina, zinazoanza na 630 ni za Kongo, za 635 ni za Rwanda. Kama simu yako ina sim mbili, rudia kwa kila sim.

Sasa, ubaya wake. Ukishachagua kwa mkono, simu haitakubali rezo nyingine yoyote. Ukisafiri kwenda Kampala au Kigali itaandika Appels d'urgence uniquement, na utadhani sim imekufa. Rudisha kile kitufe cha kuchagua chenyewe, basi. Na kama hutaki kugusa chochote humo, jua angalau hili: simu iliyokwisha kushika rezo ya nje mara nyingi haina haraka ya kurudi. Washa mode avion (hali ya ndege), hesabu mpaka kumi, izime. Hapo inalazimika kutafuta upya.

Cha pili ni kibodi, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Sisi tunaandika Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja, lakini kibodi imewekewa Kifaransa peke yake. Unaandika "sana", inaweza kukugeuzia "sans". Mteja anasoma kitu kisichoeleweka, nawe unapoteza muda kusahihisha. Kama unatumia Gboard, kibodi ya Google, bonyeza alama ya mkato uishikilie, ingia kwenye mipangilio, kisha Langues, Ajouter un clavier, chagua Swahili. Ndani ya mpangilio wa lugha hiyo washa Saisie multilingue uitie na Kifaransa. Kuanzia hapo kibodi moja inapendekeza maneno ya lugha zote mbili bila wewe kubadilisha kitu.

Humo humo kuna Dictionnaire personnel, na wafanyabiashara wengi hawaijui. Chukua mama anayeuza vitenge soko la Virunga, anayeulizwa kila siku yuko wapi na anafungua saa ngapi. Gusa alama ya kujumlisha, juu aandike jibu lote: "Jambo, tuko soko la Virunga, tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni." Chini, penye Raccourci, aandike herufi mbili tu, "sk". Akiwa WhatsApp akiandika sk, jibu zima linatokea juu ya kibodi. Analigusa, linaingia, anatuma.

Mbona kwa wengine haitokei? Sababu ni mbili. Gboard haibadilishi yenyewe, inapendekeza tu, kwa hiyo ule mstari wa mapendekezo juu ya kibodi lazima uwe umewashwa. Ya pili, umehifadhi chini ya Français wakati unaandikia kibodi ya Swahili. Hifadhi chini ya Toutes les langues. Na tafadhali sana, namba ya siri ya pesa yako usiiweke humo kamwe.

Mega sasa. Ndani ya WhatsApp nenda Paramètres, Stockage et données, kisha Lors de l'utilisation du réseau mobile, uondoe alama kwenye picha, sauti, video na dokima (hati), ili visishuke vyenyewe. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya WhatsApp utaendelea kushuka wenyewe. Huo hauzuiliki hapo. Ukiwasha pia Économiseur de données (ya kubana mega) ya simu nzima, ruhusu WhatsApp kwenye orodha ya programu zisizozuiwa, la sivyo ujumbe wa wateja utachelewa mpaka uifungue kwa mkono.

Ukitaka kumtumia mtu video kubwa aliye karibu nawe, usiichome mega. Tumia Quick Share, ile iliyokuwa ikiitwa Nearby Share kabla ya mwaka 2024. Simu zote mbili ziwe na Bluetooth, Wi-Fi na Localisation, na anayepokea ajiweke aonekane kwa Tout le monde. Ikikwama kwenye kusubiri, mara nyingi ni kwamba kioo cha mpokeaji kimejifunga.

Kuhusu simu nzito zenye RAM ya giga 2 au 3: zile programu za kusafisha RAM zitoeni. Zinaua programu, nazo zinafunguka tena upya na kula betri zaidi. Ingia Accessibilité, tafuta Supprimer les animations, washa. Simu haipati nguvu mpya, ila inaacha kupoteza muda kwenye michoro ya kufungua na kufunga, na utaiona tofauti siku hiyo hiyo. Mtu akikuambia upite kwenye menyu ya développeurs (ya watengenezaji wa programu) kwa kazi hii, achana naye. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi menyu hiyo ikiwa wazi.

Nimalizie na Historique des notifications, kumbukumbu ya taarifa zilizoingia kwenye simu, iliyokuja na Android 11. Iko ndani ya Paramètres, Notifications. Kwa Samsung pitia Paramètres avancés. Umefuta kwa kidole taarifa kabla ya kuisoma, au mtu ametuma bei kisha akaifuta? Maandishi yake yanabaki hapo kwa saa 24, ilimradi taarifa ilikwisha kutokea kwenye simu. Picha na sauti hutazipata, na ujumbe mrefu unaweza kukatika. Ila haihifadhi chochote cha kabla ya kuwashwa, kwa hiyo simamisha video hii, uiwashe sasa.